Mlango wa Ndege ya Bashay

Naapa kwa mvua ya juzi na kwa magoti yangu mawili, lililo zima na lile bovu: yote nitakayoeleza hapa ni kweli tupu, haina chumvi hata punje. Atakayenikamata na uongo mmoja, beberu wangu mwenye ndevu, yule anayefungwa nyuma ya ghala, ni wake. Namkabidhi pamoja na kamba. Nimeshasema, na nimeandika kwa wino.

Jumanne hiyo fundi wa ndege aitwaye Urban alikuwa anapanda Bashay kwa mara ya nne ndani ya miezi miwili. Alitoka Arusha kwa basi alfajiri, akashuka Mbulu mjini, akachukua bodaboda. Sanduku la vifaa lilikuwa zito kiasi kwamba huwezi kujua kama yeye ndiye aliyelipakata au lenyewe ndilo lililompakata. Vumbi lilimwingia puani, baridi ikamwingia shingoni, na upepo wa Bashay ukamvua kofia mara mbili. Upepo huo usiudharau. Mwaka jana ulimbeba kuku wa watu mzima mzima, akataga hewani, yai likaokotwa Mogitu likiwa bado la moto.

Lakini Urban hakuwa na nafasi ya kuwaza kuku. Alikuwa anawaza leseni yake.

Habari ilikuwa hivi. Ndege ndogo ya injini moja hutua Bashay kila baada ya wiki mbili, ikileta wauguzi wa kliniki ya macho. Wakimaliza hapo huruka kwenda Mogitu, upande wa Hanang, halafu hurudi Arusha. Mlango wake wa abiria na mizigo uko ubavuni, nyuma kushoto, na mbele kwa rubani kuna taa nyekundu inayowaka kama mlango haukukaa sawasawa. Taa hiyo Arusha haiwaki. Mogitu haiwaki. Ikifika Bashay, ndege ikianza tu kukimbia kwenye majani ili iruke, taa inawaka. Rubani anakanyaga breki, anarudi, anashuka, anakuta kishikio cha mlango kimepanda kidogo kutoka mahali pake. Anaandika kwenye daftari la ndege. Na kikishaandikwa kitu kwenye daftari lile, hapandi abiria hata mmoja mpaka fundi mwenye leseni aje, akague, atengeneze, asaini.

Fundi mwenyewe ndiye Urban, mtu wa Sumbawanga, mtaratibu, mwenye macho ya kuhesabu. Mara ya kwanza alikuja akapima bawaba zote, akakuta nzima. Mara ya pili akabadilisha springi ya kishikio. Mara ya tatu akabadilisha pini zote nne zinazoshika mlango kwenye fremu, pamoja na swichi ya taa, kila kipuri na cheti chake. Kila safari alifungua na kufunga mlango ule mara ishirini, na kila mara ulikaa kama mfuniko wa sufuria mpya. Mara tatu akaandika: mlango uko salama. Mara tatu akaufunga mwenyewe, ndege ikapeleka watu Mogitu vizuri, ikarudi Arusha vizuri, na wiki mbili baadaye ikaja Bashay ikawasha taa.

Alipokuwa anashuka kwenye bodaboda simu ikalia. Alikuwa Rahel, mkuu wa ukaguzi, mama ambaye hapandishi sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji.

"Umefika?"

"Ndiyo kwanza nafika, mama."

"Urban, mara tatu umesaini kwamba mlango ni mzima. Mlango mzima hauwashi taa mara nne. Ukisaini leo na taa ikawaka tena, leseni yako utaniletea mkononi. Sitaki kukuonea, lakini sitaki pia kuokota watu porini."

"Naelewa, mama."

"Hujaelewa bado. Ukielewa, nipigie."

Akakata. Urban akabaki anaiangalia simu kama imemtemea mate.

Ndege ilikuwa imeegeshwa pembeni mwa kiwanja, magurudumu yamewekewa mawe. Chini ya bawa alikaa rubani Idd, kijana wa Tanga, anakula mahindi ya kuchoma.

"Karibu nyumbani, fundi! Ukija mara ya tano serikali ya kijiji itakukatia shamba."

"Idd, usinichokoze. Kishikio kilikuwaje safari hii?"

"Vilevile. Kimepanda nusu kidole. Na mimi mwenyewe niliuzunguka huo mlango kabla ya kupanda, nikausukuma, nikauvuta, umekaza. Nikakaa kwenye kiti, nikavaa vifaa vya masikioni, nikawasha injini, tukaondoka. Mbele kidogo, taa hiyo!"

"Mogitu nako unafanya hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Wallahi mlango huu una kitu na watu wa Bashay."

Mlinzi wa kiwanja akasogea kuwapokea. Aliitwa Mzee Bura, mstaafu wa bohari ya mbegu, mtu mrefu, mtanashati, mwenye hekima nyingi na sauti ya kupendeza, blanketi lake begani limekaa vizuri kuliko la mzee yeyote wa tarafa ile. Urban akasimama wima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi! Pole na njia. Nyumbani hawajambo? Mke? Watoto? Sumbawanga mvua imenyesha?"

"Imenyesha mzee. Naomba nianze kazi."

"Kazi ipo, haikimbii. Kunywa kwanza maziwa."

Akanywa maziwa. Hakuwa na hamu, lakini Bashay maziwa hayakataliwi. Kisha akafungua sanduku, akatoa tochi, rula ya chuma na kile kioo kidogo chenye mpini cha kuchungulia mahali jicho halifiki. Akaanza upya, kama mtu anayetafuta sindano ile ile katika nyasi zile zile. Bawaba ya juu, nzima. Bawaba ya chini, nzima. Ribiti zinazobana fremu, hakuna iliyolegea. Mpira unaozunguka mlango, haujakatika. Pini nne, zinaingia zote. Akafunga mlango, akaupiga kofi, akautikisa kwa mikono miwili, akautikisa kwa bega. Haukusogea hata unywele. Alikaribia kulia. Mlango mbovu ungekuwa rafiki yake siku ile.

Watu walishaanza kukusanyika, maana wauguzi walilala pale tangu jana na kila mmoja kijijini alikuwa na maoni. Katikati akapenya Margwe, fundi wa kuchomelea, ana komeo la chuma la urefu wa mkono na keke ya kutobolea.

"Injinia, acha kuteseka. Hili nimelichoma mwenyewe. La aina hii nimefunga kwenye geti la mchungaji, na dume la ng'ombe limelishindwa. Natoboa matundu manne tu, tunalibana hapa nje, mchezo umekwisha."

Urban akaruka akasimama kati ya keke na ndege.

"Usiguse! Margwe, ukitoboa tundu moja kwenye ngozi ya ndege hii, hairuki tena mpaka waliotengeneza waandike barua. Huwezi kuongeza kitu kwenye mlango wa ndege bila mchoro uliopitishwa. Hata msumari. Hata kibandiko."

"Lakini litashika."

"Najua litashika! Hilo ndilo tatizo. Ndege ikianguka ikashika moto, na komeo liko nje, aliye ndani atapiga hodi kwa nani?"

Margwe akafikiri. "Basi tuliweke ndani."

"Na anayekuja kuokoa atapitia wapi? Mlango huu lazima ufunguke ndani na nje, kwa mkono mmoja, hata gizani, hata na mtu asiyejua kusoma."

"Kwa hiyo ninyi mnapanga kuanguka?"

"Hatupangi kuanguka. Tunapanga kutoka!"

Watu wakacheka. Margwe akalitazama komeo lake kwa huruma, akasema mambo ya wasomi siku zote ni mafumbo, akaondoka nalo begani. Idd naye akasogea akanong'ona.

"Fundi, kati yetu. Ukichomoa ule waya wa taa?"

"Nikichomoa taa, mlango utajua?"

Idd akarudi kwenye mahindi yake.

Saa saba ikafika. Filomena, kiongozi wa wauguzi, akaja kuuliza kwa upole kama wataondoka, maana wagonjwa wa Mogitu wanasubiri tangu asubuhi na wengine macho yameshafungwa bandeji. Urban akatoa daftari, akalifungua kwenye goti, akashika kalamu. Angeandika nini? Mlango uko salama? Aliandika hivyo mara tatu. Mlango ni mbovu? Ubovu wenyewe uko wapi? Akaiona leseni yake mezani kwa Rahel, na yeye mwenyewe Sumbawanga anatengeneza baiskeli. Akafunga daftari.

"Sisaini," akasema.

"Kwa hiyo tunalala tena?" akauliza Filomena.

"Sijui. Mimi nimekagua mlango, nimeumaliza. Sijawahi kukagua jinsi mnavyoondoka. Hakuna kuruka. Mtapanda, Idd atawasha, mtakimbia kidogo kwenye majani halafu mtasimama. Lakini kila kitu kifanyike kama siku zote. Kama siku zote kabisa! Mimi nitakaa nyuma, karibu na mlango, nimenyamaza."

Wauguzi wakapanda, Urban akakaa nyuma, mlango ukafungwa. Idd akauzunguka, akausukuma, akauvuta, umekaza. Akaenda mbele, akapanda kwa mlango wake wa rubani, akavaa vifaa vyake vya masikioni, akaanza kusoma orodha yake ya mambo ya kuangalia kabla ya kuwasha. Kwa masikio yale hata ungeimba asingekusikia. Urban akapiga tochi mlangoni. Kwenye fremu kuna mistari miwili midogo ya kijani. Pini zikiingia zote, mistari inagusana. Ilikuwa inagusana.

Hapo akasikia mtu anakimbia. Mama mmoja alikuwa anakuja mbio, kibuyu cha maziwa mgando mkononi na kuku kwapani.

"Dada Filomena! Mnaondoka mikono mitupu?"

Filomena akamtazama Urban kwa aibu, kisha akafungua mlango. Kibuyu kikaingia, kuku akaingia, ikafuata ndoo ya maharage kutoka kwa mtu mwingine.

"Hii huwa inatokea kila safari?" Urban akauliza.

"Kila safari."

"Na rubani anajua?"

"Akijua atakataza. Nikikataa mimi, wiki mbili zijazo nitawatazama vipi hawa kina mama?"

Halafu akaja Mzee Bura kufunga. Akapangusa kiganja kwenye blanketi, akaushika mlango kwa mikono miwili, akauleta polepole, polepole, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Ukagota kwenye fremu. Akakishusha kishikio kwa vidole viwili, akakiacha kabla hakijafika mwisho, akarudi nyuma hatua tatu, akainua mkono kuaga.

Urban akapiga tochi. Mistari ya kijani ilikuwa imepishana nusu kidole. Taa mbele ilikuwa imezimika, kwa sababu pini zilishaigusa swichi kidogo. Akang'ata ulimi, akanyamaza. Injini ikaunguruma, ndege ikaanza kukimbia, majani na mashimo yakaitikisa, na kile kishikio, mbele ya macho yake, kikapanda taratibu kama jogoo anayeinua shingo. Idd akapiga kelele mbele.

"Taa hiyo!"

Ndege ilipotulia, Urban aliruka chini, akatembea kiwanja kizima kumfuata yule mzee, na hasira za safari nne zikimtangulia.

"Mzee! Kwa nini hufungi mlango?"

"Nimefunga, mwanangu."

"Hujafunga! Umerudishia tu!"

"Sasa je? Mgeni bado yuko uani, namuona kwa macho, halafu nimfungie mlango kwa kishindo?" Mzee alishangaa kwelikweli. "Mgeni akitoka kwako unarudishia. Unamsindikiza kwa macho mpaka apotee. Akishapotea ndipo unafunga. Ukimbamizia mlango mgongoni umemwambia usirudi. Hawa ni watu wanaofungua macho ya wazee wetu. Kwenu Sumbawanga mnafukuza hivyo?"

Urban akahesabu kwa vidole. Springi aliyobadilisha. Pini nne. Swichi. Siku nane barabarani. Siku nane!

"Mzee wangu," akasema mwishowe, "ule mlango ukifunguka angani, mgeni wako atapotea machoni, lakini kwa kwenda chini. Mimi ndiye niliyesaini kwamba hafiki chini. Mara tatu. Unanielewa?"

Mzee Bura akaitazama ndege, akamtazama Filomena aliyekuwa anateremka ameshika kuku, na uso wake ukabadilika. Akakaa kwenye jiwe.

"Hakuna aliyeniambia," akasema.

Na kweli, hakuna aliyemwambia. Urban alipofungua kitabu cha taratibu alikuta kurasa kumi na nne za namna ya kukagua mlango ule, na hakuna hata mstari mmoja wa kumwelekeza mtu anayeufunga mara ya mwisho. Hilo likamuudhi kuliko yote, kwa sababu hakujua amkasirikie nani.

Akampigia Rahel, akaeleza.

"Sasa umeelewa," Rahel akasema. "Kuanzia leo mlango ukifunguliwa baada ya ukaguzi, hata kwa kupitisha yai, rubani anashuka anaufunga mwenyewe. Zawadi zote ziingie kabla. Na nataka maelezo ya maandishi kwa nini tumebadilisha springi, pini nne na swichi ambazo hazikuwa na kosa. Kurasa mbili. Na jina la aliyekuwa anafunga."

Urban aliandika palepale, amekaa juu ya sanduku, karatasi ikipepea. Kwenye daftari akaandika: mlango haukufungwa hadi mwisho, ndege haina hitilafu, utaratibu umerekebishwa. Mahali pa jina akaandika: mhudumu wa uwanja. Akasaini, na mkono wake haukuwa na furaha. Idd akaufunga mlango kwa kishindo kilichoshtua ng'ombe, ndege ikaruka kwenda Mogitu, taa haikuwaka. Tangu siku hiyo haijawaka tena. Mzee Bura, ambaye nasikia alihamia Maretadu kwa watoto wake, hakuwahi kugusa tena mlango wa ndege.

Hapo nilikuwa nimeweka nukta, nimetua kalamu, nimeridhika. Mke wangu Zita alikuwa anachambua maharage, akanyoosha mkono akachukua daftari. Anasoma haraka kuliko mimi, na anasoma akiguna.

"Mtanashati," akasema. "Sauti ya kupendeza."

"Ndivyo alivyokuwa."

"Bura yupi huyu?"

"Bura wa bohari."

"Bura wa bohari alihamia Maretadu wakati kiwanja kile bado ni shamba la ngano. Ndege hajaiona hata tumbo. Mlinzi wa kiwanja ni Tluway. Tluway ni mume wangu. Na blanketi linalosifiwa humu nimelifua jana, lina tundu la kiwiko."

Nikakohoa. Nikamwambia mwandishi ana ruhusa ya kupamba, mbona la kuku aliyetaga hewani hakulisemea.

"La kuku nimekusamehe, hilo hata mbuzi anajua ni uongo. Uongo wa kulipia ni ule unaofanana na kweli. Umemsingizia Bura kosa lako." Akafunga daftari. "Umeapa kwa wino. Beberu aende."

"Aende kwako? Si anabaki palepale nyuma ya ghala!"

"Aende kwa yule mtoto wa watu uliyempandisha milima mara nne, na jina lako hakuliandika."

Urban alikuja Ijumaa iliyofuata kwa ukaguzi wa kawaida, safari hii na gari la kazini lenye bodi wazi nyuma. Alipoelezwa akakataa kabisa, akasema yeye hapokei zawadi kazini. Zita akamwambia hii si zawadi, ni adhabu ya mzee, na asipoichukua atakuwa amemwachia mkosaji. Beberu akapandishwa, anapiga mateke, ndevu zinapepea. Mimi nikapandisha kibao cha nyuma cha gari, nikakisogeza polepole mpaka kikagota.

Urban akachungulia dirishani.

"Shikamoo tena, mzee. Hicho umerudishia."

Nikamtazama Zita. Amekunja mikono. Nikamtazama mgeni wangu, hajaondoka bado, yuko uani kwangu, namuona kwa macho. Nikashusha pumzi, nikakibamiza kwa nguvu zangu zote, makomeo yote mawili yakaingia, na kishindo chake kiliniuma hadi kwenye lile goti bovu.

"Sasa kimefunga," akasema Urban.

Gari likaondoka. Nikalifuata kwa miguu mpaka kwenye kona, kwa sababu mgeni lazima asindikizwe, na kwa sababu beberu alikuwa bado ananiangalia.